Punje za Biriani kwa Ajili ya Ukuta

Leo nimeumbuka. Nimeumbukia Mambrui, mbele ya ukoo mzima wa mume wangu, Swaleh, na sasa niko nyumbani Barani, nimejifungia chumbani nawaandikia nyinyi kwa sababu uso wa kutazama watu sina.

Chanzo ni sebule. Waliohama kabla yetu walituachia kuta za kijani cha zahanati, na Ijumaa mama mkwe anakuja kuiona nyumba yetu kwa mara ya kwanza. Mama mkwe wangu ni Bi Zuhura. Akiingia kwa mtu, macho yake huanzia darini, yakashuka polepole mpaka sakafuni. Asiposema kitu, ujue umekwisha. Mimi nilitaka aseme "mashaallah" tu. Neno moja, basi!

Fundi wetu wa rangi, Kazungu, nimemchosha. Nimempelekea picha za maua, za bahari, hata za kanzu ya jirani. Akaniambia, "Dada, simu yadanganya rangi. Niletee kitu nikishike mkononi."

Basi leo mchana tukawa na harusi ya binamu yake mume wangu, upande wa wanawake. Mnajua utaratibu wetu. Mlangoni unatoa simu inatiwa kikapuni, maana ndani watu wamevua mabuibui na hakuna anayetaka nywele zake zizunguke mitandaoni. Nikatoa yangu bila neno. Tukaketi mkekani, likaletwa sinia la biriani.

Jamani, ule wali! Mweupe, wa manjano ya zafarani na wa rangi ya chungwa, umekaa pamoja bila kugombana. Nikaiona sebule yangu. Kuta nyeupe, mmoja wa manjano, mapazia ya chungwa. Wenzangu wanamega, mimi nimeduwaa nautazama wali! Picha siwezi kupiga, na Kazungu anataka kitu cha kushika mkononi. (Hapo ndipo akili iliponiaga.) Nikachukua tishu, nikaweka punje za kila rangi, nikaikunja vizuri nikaitia mkobani. Hakuna aliyeniona. Nikajiona mjanja kweli.

Tukanawa mikono. Bibi harusi akatolewa, ngoma na vigelegele juu. Bi Zuhura, aliyeketi ubavuni mwangu, akaanza kulia, kwa kuwa msichana yule kamlea yeye. Akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Mwanangu, nipe tishu."

Nikatia mkono mkobani, nikampa. Haraka haraka, mkwe mwema mie!

Akafuta jicho la kulia. Akafuta la kushoto. Akashuka na mashavu. Aliponigeukia, machoni alikuwa na wanja, mashavuni poda, na juu ya poda biriani.

"Hiki n'nini?"

"Ni wali, mama."

"Wautia mkobani wa nini?"

"Wa ukuta, mama." (Eti wa ukuta! Kati ya maneno yote niliyofundishwa tangu utotoni.) "Si wa kula. Nautaka kwa ajili ya ukuta."

Ngoma ikanyamaza. Shangazi yao, Bi Mwanaisha, akanitazama usoni, kisha akanitazama tumboni.

"Zuhura," akasema, "huyu ataka wali, ataka na ukuta. Wewe ulipokuwa na mimba ya Swaleh, si ulimaliza udongo wa ukuta wa jikoni kwa kuubandua ukila?"

Weee! Vigelegele vilivyopigwa hapo, bibi harusi hakupata hata nusu yake. Naye mwenyewe alipiga! Bi Zuhura akanikumbatia mpaka wali wa shavuni mwake ukahamia kwangu.

"Mashaallah! Mashaallah, mwanangu! Mashaallah!"

Neno nililolitafuta wiki nzima. Na sebule hajaiona.

"Mama, sina mimba, ni rangi tu..."

"Nyamaza. Jambo hili halitangazwi mapema." (Alilisema kwa sauti iliyofika kwa wapishi.) Kisha akawageukia hao wapishi: "Mpakieni biriani! Asitoke hapa na njaa!"

Nikatoka na ndoo nzima. Mlangoni nikarudishiwa simu, nikakuta ujumbe wa mume wangu (wapishi walishaifikisha habari upande wa wanaume): "Swaleh mimi, nitakuwa baba???" Nikamjibu, "Utakuwa na sebule ya manjano." Mpaka sasa hajanielewa.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Kazungu langoni. Nikachota wali kwenye ndoo, nikamwekea kiganjani. Akautazama kwa makini, akatabasamu.

"Sasa hii ni rangi, dada. Kesho naanza." Kisha akapunguza sauti. "Na chumba cha mtoto, je?"

Msicheke, nawaomba. Biriani ipo, ndoo nzima, karibuni mle. Ila tishu kila mtu aje na yake.