Betri Isiyokubali Kushuka

Jumatatu, 4 Novemba
Meneja Ke katangaza: kompyuta mpya itatoka na kiendeshi kimoja tu cha betri. Changu au cha Peng. Kiendeshi ni kijiprogramu kinachoiuliza betri ina chaji kiasi gani, kisha kinaupasha mfumo habari, nao unaandika asilimia kwenye kioo. Kazi ya mjumbe. Leo betri ya Peng ilikawia kujibu, mashine yake ikaandika "haijulikani", na Meneja akamsifu kwa ukweli. Ukweli! Nilikuwa katika kazi hii binti huyo hajaota meno.

Jumanne, 5 Novemba
Nimepata dawa. Betri ikinyamaza, kiendeshi changu hakitakiri. Kitarudia namba ya mwisho, na kikilazimika kushuka, kitashuka kwa staha. Mashine yangu imesimama kwenye tisini na sita tangu chai. Peng kapita, kaichungulia. "Mzee Yin, unailisha nini hata haichoki?" Ofisi nzima ikacheka. Nikamjibu kwamba yangu ina adabu. Rohoni nawaka.

Jioni, supu ya samaki kwenye mtaa wetu sisi tuliotoka Rangoon. Mpishi anaapa kwamba ni ileile ya nyumbani. Siyo. Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 7 Novemba
Kesho majaribio. Juu ya mashine ya Peng pana pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, kama juu ya kila mashine hapa, ili itulie na kutii. Nimeihamishia kwangu. Kwake nimeweka ya manjano, ambayo kila mtu anajua huzivuruga mashine akili. Wivu ni kazi ngumu kwa umri wangu.

Ijumaa, 8 Novemba
Fedheha! Waya zikachomolewa. Yangu ikashikilia tisini na moja, Meneja akaguna kwa kuridhika, halafu kioo kikawa cheusi. Betri ilikuwa tupu kitambo! Ya Peng ilionya mapema, ikahifadhi kazi, ikalala yenyewe. Meneja akaniambia taratibu, "Mzee wangu, mteja angekuwa katikati ya kuandika." Peng alikwisha kufungua pakiti ya manjano, anawagawia wenzake. Nikaigeuza ile ya kijani: muda wake ulipita Septemba. Kumbe! Mwanamke huyu hata vitafunio vyake ni mtego.

Jumatatu, 11 Novemba
Kapewa Peng. Mimi nimeachiwa kijitaa cha ubavuni kinachoonyesha kama chaji inaingia. Wanadhani wamenipumzisha. Nimekimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kinawaka kijani kizuri ajabu, na waya wa chaji ninao mfukoni.