Farasi wa Harusi Aliyechechemea Njia Moja

Leo nimejiaibisha, tena mbele ya harusi nzima. Ninayaandika haya nikiwa bado nanukia marashi ambayo hayakukusudiwa mimi. Wenzangu wa chuo, naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Mnajua kwamba nina stashahada ya afya ya mifugo. Mnajua pia kwamba siku ya mahafali niliapa kutomnyamazia yeyote anayemtesa mnyama. (Hakuna aliyeniapisha. Niliapa mwenyewe, kimoyomoyo, wakati wa kupigwa picha.)

Saa nane mchana nilikuwa Mjambere, nimevaa koti langu jeupe la kazi, nikitoka kuchanja mbuzi wa watu. Ndipo nikamwona farasi. Farasi mzima, Mjambere! Rangi ya kahawia, shingo ya upinde, mkia umeinuliwa: dalili za damu ya Kiarabu, ingawa unene wa miguu ulinitia shaka. Amevishwa shada la asumini na kutandikwa kitambaa chekundu. Na alikuwa akichechemea. Aliyemvuta ni mama wa makamo, leso kiunoni, jasho usoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nipishe, nimechelewa."

"Mnyama huyu anaumwa."

"Huyu? Haumwi. Ndivyo alivyo."

Ndivyo alivyo! Kila mwenye punda mwenye donda mgongoni hunijibu vivyo hivyo. Nikasimama katikati ya njia nikatoa hotuba. Nilisema kwamba kuchechemea si tabia, bali ni kilio cha asiye na ulimi. (Sentensi hiyo niliiweka akiba tangu mwaka wa pili chuoni.) Watu wakakusanyika. Muuza viazi karai aliacha karai lake motoni akaja kunishangilia: "Wape, daktari! Wape!"

Yule mama, Bi Mwanaidi, akanivuta kando.

"Mwanangu, nisikize. Farasi huyu aliniachia marehemu mume wangu. Wanangu wasema ala bure, auzwe. Leo ndiyo harusi yake ya kwanza. Bwana harusi amngoja kwao, ampande baada ya Alasiri aje kwa mkewe, nyumba iliyo ukuta mmoja na yangu. Asipofika kabla ya Magharibi, huyu kesho auzwa. Wallahi, auzwa."

Moyo uliniuma. Hata hivyo, dhamiri haina ratiba ya harusi. Nikapiga goti nikaukagua mguu wa mbele wa kushoto, kwani ndio aliokuwa akiuonea huruma. Ukwato hauna jiwe. Hauna joto. Mshipa haujavimba. Nilipoubonyeza, farasi alipiga mwayo. Nikaagiza atembezwe hatua kumi.

"Daktari," akasema muuza viazi, "mbona sasa ni wa kulia?"

Nikatazama. Wa kulia! Nikavua miwani nikaifuta, nikatazama tena. Wa kulia bila shaka yoyote. Sijui ugonjwa unaohama mguu namna hiyo. Kama mlifundishwa siku ambayo sikuhudhuria, niambieni. Nikaifunga bandeji miguu yote miwili (mtu makini hakisii) na kuamuru mgonjwa apumzishwe kivulini.

Alasiri ikaadhiniwa. Mgonjwa akamaliza nusu ya shada lake la asumini.

Kisha tukasikia matari. Bwana harusi, aliyechoka kungoja, alikuwa amemfuata farasi wake kwa miguu: joho jeusi, kilemba, upanga kiunoni, ami zake wanne nyuma.

"Farasi wangu yuwapi?"

"Anapumzika," nikasema.

"Apumzika? Kwani amefanya kazi gani?"

Nikamweleza kwa upole kwamba hakuna heshima katika kuketi juu ya maumivu ya mwingine. Nikapendekeza yeye aandamane kwa miguu, nami nimrudishe mgonjwa kwao taratibu. Ami mmoja akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Bi Mwanaidi alijifunika uso kwa ukaya. Nilidhani analia.

Nikaizungusha kamba kwenye kiganja changu. (Somo la kwanza kabisa chuoni: usizungushe kamba kwenye kiganja.) Nikamgeuza farasi, akaelekea kwao.

Masikio yakasimama. Shingo ikainuka. Akakanyaga kwa miguu minne iliyokamilika, hatua ya kwanza, ya pili, kisha sikuhesabu tena.

"Polepole, mgonjwa!" nilipiga kelele. "Bandeji!"

Bandeji zilifunguka zikawa zinapepea nyuma yetu. Kiatu changu cha kushoto kilibaki mbele ya msikiti. Nyuma nilisikia matari yakikimbia, na sauti ya Bi Mwanaidi: "Iachilie kamba! Apajua kwao!" Ningeiachilia, lakini yenyewe haikutaka kuniachilia.

Farasi alikunja kona akasimama ghafla. Ukuta mmoja na kwao, mnakumbuka? Kina mama wa bibi harusi walikuwa wamejipanga mlangoni wakingoja farasi mwenye maua na mwanamume aliyevaa vizuri. Waliona farasi mwenye maua. Waliona koti jeupe.

Vigelegele vikalipuka. Nikamwagiwa marashi, machoni na kinywani. Nikavishwa asumini. Nilitaka kusema, lakini pumzi ilikuwa bado njiani.

Nyanya wa bibi harusi akaniinua kidevu akanichunguza.

"Ndiye huyu?" akauliza. "Mbona ana kiatu kimoja?"

Bwana harusi akatokea konani akihema, kilemba mkononi. Kicheko kilichofuata sitakieleza. Lakini nyanya hakucheka. Alisema mjukuu wake aliahidiwa mume juu ya farasi, na mlango hautafunguliwa kwa mume anayetoka jasho.

Ndipo Bi Mwanaidi akanielimisha. "Akienda kazini, huchechemea. Akirudi kwao, mzima. Ndiyo nikamtoa mapema, arudi na bwana harusi mgongoni. Sasa, daktari, mtoe tena wewe."

Nikamtoa. Hatua mbili nje ya lango, mgonjwa akaanza kuchechemea. Kushoto. Kisha kulia. Nilijua hana lolote, na bado nilimwonea huruma; hadi sasa siwezi kulieleza jambo hilo kisayansi. Nikamvuta njia nzima, nyuma tukifuatwa na bwana harusi. Akina mama wawili waliokuwa wakitoka sokoni walisimama.

"Huna imani wewe? Mnyama aumwa hivyo wamburura!"

"Haumwi," nikajibu. "Ndivyo alivyo."

Muuza viazi alilazimika kuketi chini.

Tukamgeuza pale pale penye karai. Bwana harusi akapanda, na safari hii nilishika lijamu kwa mikono miwili, ami wawili wakishika upande wa pili. Tukaingia kwa mwendo wa kifalme, mwadhini akikohoa tayari kwenye kipaza sauti. Kabla mlango haujafungwa, mama wa bibi harusi mwingine, wa Ijumaa ijayo, alikuwa ameshamshika Bi Mwanaidi mkono. Farasi hauzwi.

Anayetaka kucheka acheke, ila ndani ya nyumba yake. Kesho asubuhi ninawafundisha wenye punda wa Magongo jinsi ya kumtambua mnyama anayechechemea, na wawili kati yao ni ami za bwana harusi.