Sungura wa Kubarikiwa

Jumatatu, 13 Januari

Kosa la watu wengi ni kuchagua mnyama kwa macho. Wanaona masikio, wanaona manyoya, basi, akili imeaga. Mimi nilifundisha jiografia miaka thelathini na saba. Najua kwamba kabla ya safari huja ramani.

Ramani yangu ni hii. Ijumaa ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni Abate, mlinzi wa wanyama. Padri Saverio atabariki wanyama wa mji mzima mbele ya kanisa. Baada ya hapo Bi Ersilia, mjane wa daktari wa mifugo, atakaribisha watu nyumbani kwake kwa chakula cha mchana, kama marehemu alivyozoea. Sharti ni moja: uwe umeleta mnyama kubarikiwa. Asiye na mnyama huenda kwao akala supu. Nimekula supu na dada yangu Palmira miaka mitatu mfululizo.

Mwaka huu nakitaka kiti cha kuumeni kwa Bi Ersilia. Nina miaka sabini na mmoja, sijawahi kuoa, na bado moyo hunidunda nikiisikia sauti yake kwenye duka la mikate. Kiti hicho kinakaliwa na Otello, mfamasia mstaafu. Sifa yake? Ana mbwa mkubwa kama kabati.

Suluhisho: duka kubwa la wanyama, lile la pembeni mwa barabara kuu. Ukutani wameandika kwamba bidhaa hurudishwa ndani ya siku kumi na nne. Kwa hiyo: sungura anunuliwe Jumanne, abarikiwe Ijumaa, arudishwe Jumamosi. Tena anarudi akiwa na baraka. Duka linapata faida.

Palmira anasema mpango huu unanuka. Nimemweleza kwamba hata mkate mpya hunuka.

Jumanne, 14 Januari

Dukani. Safu ya kumi na moja, kati ya nyasi kavu na makoti ya mbwa. Sikujua mbwa wana makoti ya mvua na makoti ya theluji. Mimi ninalo moja.

Mhudumu anaitwa Noemi, binti mwenye fulana ya kijani. Aliniuliza nyumba yangu ina vyumba vingapi, nakaa na nani, nasafiri mara ngapi, nina subira kiasi gani. Wazazi wangu walinizaa bila kuulizwa hata nusu ya hayo.

Kisha pigo. Kiumbe hai harudishwi, akasema Noemi. Kinachorudishwa ni bidhaa ambayo haijafunguliwa. Nikamwonyesha kwamba sungura naye hajafunguliwa. Hakucheka. Nikaona nisimbishie. Jumamosi zamu huenda ikawa ya mtu mwingine. Risiti nimeitia ndani ya atlasi, mahali salama kuliko pote.

Nilitoka na sungura wa kijivu ndani ya boksi la duka, kizimba, magunia mawili ya nyasi, na mkanda wa kifuani wa kumtembezea. Mkanda haukuwa kwenye ramani. Ulikuwa mwekundu tu, nikaupenda.

Mlangoni nani? Otello, toroli imejaa mifupa. Akauliza tangu lini ninafuga. Nikasema tangu zamani. Sungura huyu nimemlea mwenyewe, leo nimemleta tu kukatwa kucha.

"Mwalimu," akasema, "mbona basi yumo kwenye boksi lao jipya?"

Nikamwambia nina haraka.

Jumatano, 15 Januari

Ajabu. Umbeya wa Otello umenifaa! Duka la mikate, asubuhi: Bi Ersilia mwenyewe ananiuliza kama ni kweli ninafuga sungura. Nikajibu ndiyo, kwa mikono yangu, kwa majani ninayochuma mwenyewe kando ya mto. Maneno yalitoka kama maji.

Akanitazama kama hajawahi kunitazama. Akasema baba yake pia alikuwa nao uani, na siku hizi hakuna mtu anayejisumbua kulea kitu kwa mkono wake.

"Uje naye Ijumaa," akasema. "Mama atafurahi sana."

Mama ni Bi Assunta, mama mkwe wake, miaka tisini na mitatu. Ukimfurahisha mama mkwe umeshaingia ndani. Nilinunua mikate miwili badala ya mmoja.

Alhamisi, 16 Januari

Sungura amekula chaja ya simu. Amekula pindo la pazia. Amekula atlasi kuanzia Ureno mpaka Uswidi, na risiti iliyokuwa Ujerumani. Urusi imemshinda.

Bila risiti, kumrudisha kumekuwa kugumu. Nitafikiria.

Palmira amempa jina, ingawa nilimkataza. Gaudenzio, la mjomba wetu aliyekuwa na meno marefu ya mbele. Sasa anamsimulia habari za mtaa wakati anamenya viazi, na anadai Gaudenzio ni msikilizaji mzuri kuliko watu fulani.

Jioni hii sungura amelala juu ya kiatu changu cha kushoto. Mguu umo ndani. Sijausogeza kwa saa moja na nusu. Naandika haya kama taarifa tu.

Ijumaa, 17 Januari

Nitaandika kwa utaratibu.

Baraka ilikwenda vizuri. Ng'ombe wawili, punda, kondoo, mbwa wasiohesabika. Padri Saverio alitunyunyizia maji ya baraka kama anayezima moto. Gaudenzio katika mkanda wake mwekundu alisimama kwa miguu miwili, watu wakapiga makofi. Bi Ersilia alipiga makofi.

Nyumbani kwake nilimkabidhi sungura ili nivue koti. Akamshika kwa mikono miwili.

"Mwalimu, siku hizi watu huniletea chupa ya divai. Wewe umeniletea ulichokilea mwenyewe."

Akampa Bi Assunta. Bi Assunta akampapasa mgongo kama anayepima kitambaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaingia naye jikoni. Nilidhani anakwenda kumpa karoti.

Kisha Bi Ersilia akanionyesha kiti. Cha kuumeni! Otello akasogezwa mpaka kwenye kona, karibu na jiko la kuni. Nikakaa. Nikakunjua kitambaa.

Ndipo nikasikia kisu kinanolewa.

Huku kwetu, naeleza kwa ajili ya kumbukumbu, mtu akifika mlangoni na sungura aliyemlea mwenyewe, hajaja na rafiki. Amekuja na chakula. Nililijua hilo tangu utoto. Nilikuwa nimelisahau kwa sababu ya mkanda mwekundu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini nikilisema, Bi Ersilia atajua kwamba sikulea kitu, sikuchuma jani, nilisukuma toroli. Alikuwa ananimiminia divai. Kiwiko chake kiligusa changu. Nikajiambia kwamba kukaa kimya si kusema uongo. Nikajiambia kwamba sungura ameshabarikiwa. Kisu kikaendelea. Nikanywa.

Aliyeinuka ni Otello.

"Bi Ersilia, niwie radhi. Yule ni wa kufuga. Ana mpaka mkanda wake wa kutembezewa. Mwambie Mama angoje."

Akaenda jikoni mwenyewe. Akarudi na Gaudenzio ndani ya sweta lake, Bi Assunta nyuma yake na kisu, akilalamika kwamba mafuta yameshapata moto na sasa tutakula nini, mkanda?

Bi Ersilia akaweka chupa chini.

"Ulijua?"

Nikaanza kueleza kwamba jambo hili lina pande mbili.

"Ulikaa hapa ukamsikia Mama ananoa kisu?"

Nilihamia kwenye kona, karibu na jiko la kuni. Otello akarudi kuumeni, sungura magotini. Tulikula mayai.

Jumamosi, 18 Januari

Gaudenzio amebaki kwa Bi Ersilia. Palmira alikwenda mapema kumjulia hali. Ameripoti kwamba amelala ndani ya kapu la sufu, na kwamba Otello alishafika na nyasi kavu, gunia zima.

Tena amerudi na ujumbe. Bi Ersilia amesema hivi: "Mwambie kaka yako aje aniombe radhi. Neno moja tu, kwa mdomo wake. Mlango uko wazi na kahawa ipo."

Palmira ameniwekea koti na kofia kwenye kiti. Amenipigia hata viatu rangi. Anasema ni hatua mia mbili, hata mimi siwezi kupotea.

Lakini hapa ndipo watu wengi hukosea. Radhi ikitoka kwa mkosaji haina uzito. Kila mtu anaitarajia. Itoke kwa kiumbe asiye na hatia. Safu ya saba, nilimwona Jumanne: kasuku wa kijani, na kwenye kizimba wameandika kwamba hujifunza neno jipya ndani ya miezi mitatu. Nitamfundisha "Nisamehe, Ersilia". Kufikia Pasaka atakuwa analisema vizuri. Nitampeleka mlangoni kwake, mimi nikisimama nyuma kidogo.

Nimemweleza Palmira. Amekaa kwenye kiti juu ya koti langu, amejifunika uso kwa kitambaa cha vyombo.

Leo, kabla ya saa sita mchana: nenda dukani, nunua kasuku.