Taharuki Nyumbani Mwetu

Jumatatu, 9 Juni
Hadithi yangu ya wizi imerudishwa. Mhariri wa jarida amesema msuko upo, taharuki hamna. Mwizi anaingia aya ya kwanza, anabeba redio, anaondoka, na yeye kama msomaji hakumwogopea mtu yeyote, hata hiyo redio. Nimepewa hadi Jumamosi. Nikishindwa, ukurasa wangu anapewa binamu yangu, Kidomo, ambaye hajawahi kumaliza kitabu kizima. Nami nimesomea fasihi! Taharuki naweza kuifafanua hadi mate yanikauke. Kuizusha ndiyo kazi. Nimelala kifudifudi hadi mama aliponiita kula. Sikula. Nilikula kidogo.

Jumanne, 10 Juni
Kosa nimeliona: hofu siijui kwa karibu. Basi familia itanifundisha. Mezani nikadokeza, kwa sauti ya chini, kwamba kuna mwanamume anaizungukazunguka nyumba yetu. Nikasubiri nyuso zibadilike. Mama akasema huyo ni msoma mita. Kidomo akasema mwizi akiingia kwetu atatuonea huruma, atuachie kitu. Shangazi akacheka hadi akapaliwa na chai. Sentensi ya Kidomo ni nzuri kuliko hadithi yangu yote. Nimeiandika. Nimeifuta. Nina heshima zangu.

Jumatano, 11 Juni
Nimeingia nyumbani kwetu kama mwizi. Mchana kweupe, dirisha la jikoni, koti la marehemu baba, mtandio usoni. Mguu mmoja kwenye sinki, mwingine nje, moyo unadunda vizuri kabisa. Ndipo mdomo wangu wenyewe ukasema, "Hodi!"
Malezi haya!
Shangazi, aliyekuwa akikata vitunguu, akajibu, "Karibu!" bila kugeuka. Alipogeuka, akaniambia nisikanyage sufuria, na kwamba mwizi anayepiga hodi apite mlangoni kama watu. Jioni nyumba nzima ilinipigia hodi. Hata chooni.

Alhamisi, 12 Juni
Mpango wa mwisho. Mama yuko sokoni, shangazi kliniki, Kidomo anazurura. Nikahamishia televisheni kwa jirani, nikapindua viti, nikaacha mlango wazi ili ionekane kweli. Nikakaa huko kwa jirani, nimetega sikio, nikingoja mayowe.
Hakuna yowe. Nimerudi, nimewakuta wamekaa tu. Mama akasema kwa upole kwamba televisheni si kitu, lakini cherehani yake nimrudishie, ana sare za wanafunzi za kumaliza.
Cherehani mimi sikuigusa.
Nikakimbilia chumba anachoshonea. Meza tupu. Uzi mweupe umeburutwa hadi mlangoni, hadi nje, hadi barabarani, ukakatikia hapo. Na mlango niliuacha wazi mimi. Ee Mungu wangu.

Ijumaa, 13 Juni
Hawaniamini! Nimesema imeibwa kweli, nimeapa. Kidomo akapiga makofi: "Dada msomi, hapo sasa umeweza!" Shangazi akaniomba nimalize mchezo, watu wana kazi. Mama hakucheka. Amekaa mbele ya ile meza, sare zimekunjwa magotini, na kila geti likilia anainua kichwa akidhani ndiyo naileta. Cherehani hiyo ndiyo inayotulisha. Ndiyo iliyonisomesha. Nimelia bafuni hadi maji ya bomba yakakatika. Lazima nimpigie magoti, anielewe, twende polisi leo hii kabla haijauzwa.

Baadaye. Nimeenda. Nimepiga magoti. Nikamwambia, mama, naapa kwa kaburi la baba, cherehani sinayo. Akaniinua kidevu, akanitazama muda mrefu. Akaanza kuelewa, polepole, kwanza mdomo, kisha macho, mikono ikizishika zile sare kana kwamba nazo zinaondoka. Sijawahi kuona taharuki ya namna hiyo! Nikamwomba akae hivyohivyo, asibadilishe sura hata kidogo, nikakimbilia kalamu.