Betri Sita za Kuchunga

Jumatatu, 10 Agosti 1987

Imethibitishwa! Jumapili baada ya misa, kigango chetu kinachagua mwenyekiti. Na Padre amekubali nilete kipaza sauti cha umeme wa jua. Waumini mia tatu watasikia sauti yangu ikivuma hadi barabara ya Ushirombo, ndipo wapige kura.

Mpinzani ni mmoja: Leodgar, mwalimu wa hesabu. Sauti ndogo, nyumba ndogo, mambo yake yote madogo. Bamba la sola analo, sawasawa na langu. Yote mawili aliyaacha yule Mjerumani mpima miamba wa Geita alipofunga virago. Lakini Leodgar ana betri moja tu. Kweli, na mimi nina moja. Yangu ni hali ya muda.

Jumanne, 11 Agosti

Akili imenijia nikiwa nanyoa ndevu. Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi humwekea jirani baadhi yao awachunge. Ng'ombe hubaki wake, maziwa ni ya mchungaji. Basi na betri je? Watu walete zilizolala bila kazi, mimi nizilishe jua, umeme uwe wangu mpaka Jumapili. Nimepita nyumba hadi nyumba kutangaza. Ajabu, hakuna aliyewahi kulifikiria hili!

Jumatano, 12 Agosti

Zimefika tano. Ngassa, mchimba dhahabu wa Rwamgasa, kaleta tatu za lori lililokufa mwaka juzi. Mama Zipora kaleta ya mashine ya kusaga, imepasuka kidogo pembeni. Na mzee Bujiku kaleta ya trekta lake, mpya, imejaa. Pamoja na yangu ni sita! Nimezipanga uani kwa safu, kubwa mbele, nikaziunganisha zote kwa waya mmoja. Wapita njia wanasimama kuangalia.

Generoza, mke wangu, kaniuliza mabamba ni mangapi. Nikamjibu moja, kama ajuavyo. Akasema, Baba Klara, ng'ombe mmoja anyonyeshe ndama sita? Nikamwambia haya ni mambo ya ufundi. Akarudi jikoni akicheka. Nyumbani kwangu mwenyewe!

Alhamisi, 13 Agosti

Leodgar kapita. Hakualikwa. Kaokota kijiti, kaanza kuchora mavumbini mbele ya watu. Eti bamba letu ni dogo, jua la siku sita ndilo linaloweza kujaza betri moja ya lori. Sita mara sita, siku thelathini na sita. Eti hata hapo bado, maana betri mbovu huinyonya nzima. Akanishauri, kwa upole wake ule unaoudhi, nibaki na moja nzima na nyingine nizirudishe kwa wenyewe.

Wivu mtupu! Nilimwambia darasa lake liko shuleni. Kisha nikavifuta vile vihesabu kwa mguu.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimejaribu kwa taa ya pikipiki. Wekundu hafifu tu. Kosa ni la bamba, lina vumbi. Nimelisugua kwa kitenge kilichokuwa kwenye kamba. Kumbe ndicho Generoza alichokifua kwa ajili ya sikukuu ya kesho! Maneno niliyoambiwa siyaandiki. Mtu unajenga jina la familia, unagombezwa kwa sababu ya kitambaa.

Jumamosi, 15 Agosti. Kupalizwa Bikira Maria

Bujiku kaja na baiskeli kumwona ng'ombe wake. Shikamoo, marahaba, vizuri. Akaifungua betri yake, akagusisha taa. Giza. Akaniuliza kwa sauti ya chini iweje alete iliyojaa, akute maiti. Nikamweleza kwamba imekuwa ikiwasaidia wenzake, na jambo la ukarimu lisimhuzunishe mtu aliyetoka kanisani. Nikamsihi aiache mpaka kesho. Akajibu yaya, yaani hapana, na mzee wa Kisukuma akishasema yaya hakuna mjadala. Kaifunga kwenye keria, kaondoka nayo.

Hivi ndivyo watu wanavyokuvunja moyo. Zimebaki tano, nazo zinatosha kabisa.

Jumapili, 16 Agosti

Hotuba ilikuwa ya kurasa tatu. Nilisimama mbele ya altare, nikashika kipaza, nikasema, "Ndugu wapendwa wa..." Kikakoroma, kikanyamaza. Nikapiga kelele bila kipaza, lakini Febronia wa kwaya alidhani nimemaliza, akainua wimbo. Beti zote nne!

Leodgar akaagiza betri yake iletwe. Moja. Kipaza kikanguruma hadi mbuzi wa jirani wakakimbia. Akaongea dakika mbili akakaa.

Kura: Leodgar mia mbili tisini na moja, mimi tisa. Tisa! Nilitaka hiki kiti kwa miaka sita. Niliumia mpaka nikashindwa kula, na hilo naliandika humu tu. Generoza kanipikia kuku, hakusema lolote kuhusu ndama.

Jumatatu, 17 Agosti

Leodgar kaja asubuhi. Hakuringa, na hilo ndilo baya zaidi. Kasema wazo la kipaza lilikuwa langu, hivyo kama mwenyekiti ananiteua mtunza kipaza wa kigango. Jumapili ijayo ni kipaimara, Askofu atakuwepo. Kanikabidhi betri yake, imejaa, kwa sharti moja: ikae peke yake.

Nilimshukuru. Niliguswa, sitadanganya. Lakini alipoondoka nilikaa nikaitazama. Nzima, imeshiba, wiki nzima haina kazi! Na pale uani tano zina njaa. Huo ni uchoyo, na kanisani tunafundishwa vingine.

Nimeiunganisha katikati ya safu. Generoza nimemtuma ampelekee Leodgar salamu, asihofu, betri yake nimeitafutia wenzake. Amekataa kwenda. Nitakwenda mwenyewe.