Nyuki Kwenye Pipa la Etiye Yitayish

Yekatit 4, Jumatatu
Jirani yangu, mama wa makamo, Etiye Yitayish, amekuja tena nilipotoka kazini. Mara ya nne tangu mvua ikatike! Anasema nyuki wangu wamejazana kwenye pipa lake la maji kama wageni wa harusi, na jana mmoja alimuuma mdomo. Kweli umevimba. Sikucheka. Niliogopa. Nisipowazuia kufikia Jumamosi, ananishtaki kwa mkuu wangu wa ofisi. Na mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi! Miezi mitano hapa Dangila, na anayenigongea mlango ni yeye tu. Mzinga wenyewe niliununua ili nyumba iwe na sauti.

Yekatit 5, Jumanne
Nimeweka karai la maji safi kando ya mzinga. Nimewaonyesha nyuki kwa kidole. Hakuna aliyetua. Saa kumi na moja Etiye akagonga. Ati karani, hawa umewafundisha kusoma au kuiba tu? Nilitaka kumkaribisha ndani. Nikaomba radhi mara nne badala yake.

Yekatit 7, Alhamisi
Kijitabu cha kilimo kinasema nyuki hupenda maji yenye chumvi kidogo, na kokoto za kusimamia wasizame. Pipa la jirani lifunikwe. Nimeacha turubai langoni kwa Etiye, nikakimbia. Amelifunika! Karai langu nimelitia chumvi na kokoto. Kufikia jioni limejaa nyuki. Nimeshinda!

Yekatit 8, Ijumaa
Nimechungulia kwa Etiye. Hakuna hata nyuki mmoja. Saa kumi na moja nikakaa karibu na mlango wangu. Saa kumi na mbili bado nimekaa. Harufu ya kahawa ikapita juu ya wigo, pamoja na vicheko vya wanawake. Hakuna aliyegonga.

Yekatit 9, Jumamosi
Nimemwaga karai. Kisha nikaparamia wigo nikiwa na chumvi mkononi, nifunue pipa lake na kuwarudisha nyuki. Mguu mmoja kwake, mmoja kwangu, Etiye akatoka na ungo wa buni! Akauliza nafanya nini. Nikasema ukaguzi. Ukaguzi wa nini? Akaitazama chumvi, akanitazama usoni, kwa muda mrefu. Akasema, mwanangu, mtu akitaka kahawa hupita mlangoni. Shuka kabla hujachana suruali.
Ilishachanika.

Yekatit 10, Jumapili
Kwa Etiye nimekunywa kahawa, vikombe vyote vitatu vya desturi, nikala na bisi. Nilisema maneno kama sita hivi. Etiye aliniuliza jina la mama yangu, akalirudia polepole. Nilipoaga akasema nije kesho, nisingoje kuitwa.
Nimelitafakari jambo hili kwa makini. Bila nyuki, hakuna kahawa. Liko wazi kabisa! Upande wa pili wa nyumba yangu anaishi mwalimu wa hesabu ambaye hajawahi hata kunisalimia. Ana tangi kubwa la maji, halina mfuniko.
Siku ya soko nanunua mzinga wa pili.