Maji ya Moto ya Fundi Saa

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa. Shemeji ameamua kusoma.

Si kwamba hajui. Mtu aliyegonga mihuri kwenye tiketi za treni miaka thelathini, herufi zitamwingia hata kwa vidole. Lakini jana, mimi niko kwenye kikombe cha pili, katangaza kwamba Jumapili Dada anatimiza miaka sitini na zawadi yake itakuwa kitabu cha fundi saa. Kizima. Chenye mwisho wake. Kakipata kwa muuza vitabu vikuukuu, mji wa mwisho wa reli. Kapiga simu, kimewekwa. Alhamisi anakifuata. Jumapili mwisho utasomwa mbele ya ukoo wote.

Dada kafurahi mpaka kaimwagia meza chai. Mimi mkate ulinikaba.

Niandike hapa, maana hapa hasomi mtu ila mimi. Kitabu chetu cha fundi saa hakikuwa na mwisho. Panya walikuwa wamemaliza kukisoma kabla yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeacha shule (au shule imeniacha, tusichimbue). Kila jioni Mama yuko kwenye cherehani, Dada anakata nyuzi, mimi nasoma kwa sauti. Fundi saa anaaga mkewe, anakwenda kumrudishia mgeni saa aliyoisahau dukani. Anavuka mito saba. Jioni ya kumi na moja nikageuza ukurasa, nikakuta jalada.

Miguu ya Mama ikaacha kukanyaga. Akauliza, je, alirudi?

Baba yetu alikuwa amekwenda kutafuta kazi. Mwaka wa tatu huo, hata barua hakuna.

Nikasoma jalada. Nikasoma kwamba fundi saa alirudi alfajiri, mkewe akafungua mlango kabla hajabisha hodi, na maji ya kuoga yalikuwa bado ya moto. Mama akasema vyema. Cherehani ikaendelea.

Miaka arobaini nimesimulia mwisho ule. Wapwa wameulalia, wateja wa kibanda changu cha viatu wameulipia visigino. Leo mgonga mihuri anataka kunisahihisha! Na Dada je, anayetaja maji yale kila akibandika birika?

Shauri limepatikana. Nitamtangulia. Kesho.


Jumanne, 5 Agosti

Nimefunga kibanda. Nimebandika karatasi mlangoni: FUNDI AMEITWA NJE. Sikusema nje ya wapi.

Nimepata kiti cha dirishani. Mtu akipata kiti cha dirishani, yai la kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti, mfalme ni nani? Gazeti nalo nililisoma. Habari ya ukurasa wa pili iliishia kwenye yai, nikaimalizia mwenyewe.

Jirani yangu alikuwa mchuuzi wa mifagio. Nikamweleza kwamba reli hii naijua toka injini ilipokatika mkanda katikati ya pori, nikaitwa mimi, nikaushona kwa uzi wa viatu, mishono mitatu, na mkanda ule mpaka leo ndio unaotuvuta. Alisikiliza kwa heshima kubwa. Baadaye nikaona amefumba macho muda mrefu.

Vibao vya stesheni vimenitesa. Ndivyo vilivyonifundisha kusoma, kabla ya mwalimu yeyote. Mama alikuwa akinichukua akienda kununua vitambaa, na kila kibao kikija ananifinya paja: soma hicho. Nikikosea anarudia kufinya, nikipatia ananipa punje ya sukari guru. Leo nimevisoma vyote kwa sauti, kumi na saba, sikukosea hata kimoja. Hakuna aliyenifinya. Mchuuzi aliniomba nipunguze sauti.

Nimefika, duka limefungwa. Jumanne hufunga saa sita. Nani hufunga Jumanne?

Nimelala kwa mpwa wangu, binti wa Dada, muuguzi katika hospitali ya huku. Nikamwambia kuna kigogo ameniagizia viatu vya ngozi ya mamba, nimekuja kumchagua mamba. Akaniuliza kwa upole kama mamba huyo anahusiana na kile kitabu anachokifuata baba yake keshokutwa. Nikasema nimechoka, safari ndefu.


Jumatano, 6 Agosti

Muuza vitabu ni mwanamke mwenye penseli kwenye nywele na shingo isiyogeuka kwa porojo. Nikasema nataka kitabu cha fundi saa. Akasema kipo, kina mwenyewe. Nikasema mwenyewe ni mimi. Akasema mwenyewe ana sauti ya mtu wa tiketi. Nikamwambia mtu wa tiketi amefariki. Akasema ajabu, maana nusu saa iliyopita alipiga simu kuulizia saa za kufungua.

Nikabadili njia. Nikaanza kumsimulia kitabu chenyewe ili aone nani ana haki nacho. Wateja wakakusanyika. Nikawavusha mito yote saba, mto wa nne nikauongezea kiboko. Nilipofika kwenye maji ya moto, mzee mmoja alitoa leso. Muuza vitabu akasema nimesimulia vizuri, ila kitabu hakiishi hivyo.

Kukiuza alikataa. Kukisoma pale pale aliniruhusu. Akanipa kreti nikalie.

Sikuwa nimekiona miaka arobaini. Harufu ile ile! Karatasi, vumbi na kitu kama mafuta ya mashine, ingawa mafuta yalikuwa ya cherehani ya Mama na hapa cherehani haipo. Nilisoma toka asubuhi. Nikikutana na neno gumu nasikia Mama akisema liruke, utalirudia. Mengine sijayarudia mpaka leo. Chai ya muuza vitabu ilipoa mbele yangu mara mbili. Sijui lini mara ya mwisho nilikaa siku nzima bila kupiga msumari.

Saa kumi nikafika mwisho.

Harudi. Fundi saa harudi! Anamkuta mgeni amekwisha kufa, anabaki na saa yake, anapangisha chumba katika mji ule, anatundika kibao chake mlangoni, basi. Mkewe hatajwi hata kwa herufi moja. Mwandishi gani huyu? Alilelewa na nani?

Nikamwona akilini Dada hiyo Jumapili, mikono mapajani, akisikia hilo siku yake ya kuzaliwa, kutoka kinywa cha mumewe.

Fundi hasafiri bila gundi. Muuza vitabu alipokwenda kuchemsha chai ya tatu, nikapaka karatasi nne za mwisho, nikazikandamiza kwa goti. Gundi hii imeshika soli za buti za askari, itashindwa na hadithi? Aliporudi akauliza harufu ni ya nini. Nikasema soksi. Akafungua dirisha.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimekutana na Shemeji stesheni. Yeye anashuka, mimi napanda, lakini treni ni moja, inageuka baada ya saa mbili. Akaniuliza nafanya nini huku. Mamba, nikasema. Akaenda dukani, akarudi na kitabu kimefungwa kwenye gazeti, akakaa kiti kilichotazamana na changu.

Nilijua safari itakuwa chungu. Haikuwa. Akakifungua ukurasa wa kwanza, akaweka rula chini ya mstari, akasoma kama anayekagua tiketi. Mto wa kwanza ulimchukua stesheni tatu. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia alete. Nikasoma mimi, kwa sauti ya zamani. Abiria wawili wakasogea. Kwenye mto wa tano Shemeji akabisha kwamba mtu hawezi kuvuka mto na saa isilowe. Tukabishana mpaka mkaguzi wa tiketi akatoa hukumu: inawezekana, ikiwa ndani ya kofia.

Huyu bwana alipoanza kumtaka Dada, aliniletea viatu vizima nivitengeneze. Kila Jumamosi kiatu kizima. Nilikuwa navifumua kidogo ili nipate cha kushona. Sijui kwa nini limenijia hilo leo.

Kurasa kumi kabla ya mwisho akakifunga. Za mwisho ni za Jumapili, akasema, asiharibu. Nikamwambia afadhali asome hata ule muhtasari wa jalada badala yake. Akanitazama.


Jumamosi, 9 Agosti

Jana sikuandika. Jana nilitambua kosa. Gundi ile mjini kwetu anaitumia fundi mmoja tu.

Nimekwenda kwa Dada asubuhi, eti kupima mguu wa Shemeji. Kitabu kiko kabatini, kimefungiwa pamoja na vikombe vya wageni. Ufunguo uko kifuani kwa Shemeji. Nimempima miguu yote miwili mara tatu. Ufunguo haukushuka.

Wakati wa kuondoka Dada kanisindikiza hadi mlangoni. Akasema Shemeji anasoma kama anayetafuna mchanga, na kwamba kesho nisome mimi. Akasema toka Mama afariki hajanisikia nikimsomea. Nikamwambia itabidi nitazame ratiba yangu.

Nimetazama. Nina nafasi.


Jumapili, 10 Agosti

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Sebule imejaa. Mpwa muuguzi amekuja na treni ya asubuhi. Shemeji kafungua kabati, katoa hotuba, kamkabidhi Dada kitabu, Dada kanikabidhi mimi. Nikasoma kwa utulivu kurasa zile zisizoshikana, nikafika kwenye gundi, nikasimama. Nikaeleza kwamba vitabu vya zamani karatasi za mwisho hutengenezwa nene, kwa ajili ya uimara. Nikasema basi, mwisho wenyewe wote tunaujua.

Shemeji akakichukua. Akakinusa. Akavua kiatu chake cha kulia, nilichokitia soli mimi, nacho akakinusa. Akakivaa tena.

Dada ndiye aliyeinuka. Binti wa mshona nguo, haogopi kitu kilichoshikana. Akabandika birika, akapitisha karatasi kwenye mvuke, akazifumua moja moja kwa kisu cha siagi. Ilichukua muda wa kuchosha. Hakuna aliyeondoka. Kisha akanirudishia, zimejikunja, zina unyevu, lakini kila neno linasomeka. Sifa kwa gundi.

“Soma, mdogo wangu.”

Nikaona mji wa ugenini. Nikaona chumba cha kupanga na kibao mlangoni. Macho yangu yakawa yanasoma kibao. Kinywa kikasema fundi saa akageuka, akaikamata njia. Nikamrudisha mto wa saba, wa sita, wa tano. Nikiwa mto wa pili nikahisi pumzi shingoni. Shemeji yuko nyuma ya kiti changu. Ameinama. Kidole chake kiko juu ya mstari, na mstari unasema fundi saa alinunua pazia.

Nikamwacha fundi saa katikati ya maji. Nikasikia saa ya ukutani. Nikasema moyoni, sasa nimekwisha.

“Endelea, shemeji,” akasema. “Geuza ukurasa. Hajafika mlangoni.”

Akanigeuzia yeye mwenyewe.

Nikamfikisha. Alfajiri, mlango ukafunguliwa kabla ya hodi, maji bado ya moto. Watu wakapiga makofi. Mpwa wangu alikuwa anafuta miwani, ingawa havai miwani, alikuwa ameshika ya baba yake.

Wakati wa kuosha vyombo Dada akaniambia, mgongo umenielekea. Jioni ile ya jalada, Mama aliona. Ulikuwa umeshika jalada, macho yako ukutani. Mimi nilikuwa nataka kucheka, akasema Dada, Mama akanikanyaga mguu. Ulipolala nikamuuliza mbona umemwacha atudanganye. Unajua alisemaje?

Nikasema sijui.

“Alisema, baba yenu harudi, nimeshajua. Lakini mtoto ametembea usiku kucha kwa miguu ya fundi saa kumleta mtu mlangoni. Nimwambie arudi naye?”

Nikaendelea kupangusa sahani. Ilikuwa kavu toka zamani.


Jumatatu, 11 Agosti

Nimefungua kibanda mapema. Asubuhi nzuri, soli tatu kabla ya chai.

Nimetafakari ya jana na funzo liko wazi: Mama alitambua kipaji changu mapema kuliko wataalamu. Mteja wa kwanza nimemweleza kwamba mwandishi wa kitabu kile aliwahi kuniandikia kuomba radhi. Amesema haamini. Nikamwambia barua iliungua pamoja na zile nyingine.

Saa nne kaja Shemeji. Hakutaja gundi. Kaleta kiatu, kizima kabisa, nikakipokea. Akasema muuza vitabu ana kingine, kinene zaidi, cha nahodha aliyepoteza kaka yake. Ameshakiagiza. Akauliza kama Alhamisi ijayo nina nafasi, tukisome kwenye treni, kwenda na kurudi.

Nikamwambia hicho nilikimaliza zamani sana, mara mbili. Akauliza, je, kaka anapatikana? Nikamwambia anapatikana, hai, mzima, mnene kidogo. Uso wake ukang'aa. Akaenda zake anapiga mluzi.

Nimempigia simu mpwa, maktaba ya hospitali yake ina nakala, ananiletea kwa treni ya jioni. Nitaanza kusoma leo, nione kama mwandishi amekubaliana nami.